Barafu, moto au Arcane: mchawi wa kuchezwa kutoka Mombasa

Niseme mapema, asije mtu akasoma hadi chini akitafuta siri: ukicheza World of Warcraft Classic ukiwa huku pwani, mchawi wako awe wa barafu. Nimewacheza wote watatu, nawapenda wote watatu, na jibu linabaki hilo. Sababu zenyewe huzipati kwenye miongozo mingi, maana wanaoiandika wanakaa jirani na seva. Sisi tuko mbali, na umbali huo hubadilisha thamani ya kila pointi unayoitumia.

Kwa asiyeijua: hii ni gemu ya 2004 ambayo Blizzard waliirudisha kwa jina la Classic Agosti 2019. Malipo ya mwezi kwa akaunti ya Ulaya ni yuro 12.99, mimi hulipia kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, na kiasi kinachokatwa hupanda na kushuka na bei ya yuro. Ukifika levo ya 10 unaanza kupewa pointi moja ya kipaji kila levo, hadi 60. Jumla 51. Mchawi ana matawi matatu ya kuzitia, Arcane, Fire na Frost, na kipaji cha kileleni katika kila tawi hakifunguki mpaka uwe umeshatia pointi 30 chini yake. Kwa hivyo kufika kileleni mara mbili hakuwezekani. Lazima uchague wa kumpenda na wa kumwacha.

Sasa habari ya mtandao, ambayo ndiyo kesi nzima. Ajabu ni kwamba nyaya za baharini zinatua hapa hapa Mombasa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Wageni hudhani basi sisi ndio tunaofaidi. Tunafaidi ndiyo, lakini seva zenyewe ziko Ulaya, na kila unapobonyeza kitufe amri yako inavuka bahari kwenda na jibu linavuka kurudi. Usiku mzuri pingi yangu, yaani muda wa safari hiyo ya kwenda na kurudi, ni kama milisekunde 160. Usiku mbaya inapita 200. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, wenzangu wa chama, kikundi tunachocheza pamoja, waliniona nimesimama kati ya njia kama sanamu huku mimi kwenye kioo changu nakimbia.

Maana yake kivitendo ni hii. Adui unayemwona yuko hatua moja mbili mbele yako, kwa hesabu ya seva ameshakufikia na anakupiga. Unapoona ameanza kusoma uchawi wa kujiponya, ameshauanza kitambo. Kwa hiyo kitu chochote kinachotegemea wewe kushtuka na kujibu kwa haraka kimepungua thamani, na kitu chochote kinachokupa nafasi kabla ya hatari kimepanda.

Hapo ndipo barafu inapojilipa. Frostbolt, silaha yake ya kila siku, humpunguzia adui asilimia 40 ya mwendo. Hiyo peke yake inakurudishia ile nafasi ambayo mtandao umekunyang'anya. Ukitia pointi tano za kwanza kwenye Improved Frostbolt, muda wa kuiandaa unashuka kutoka sekunde 3 hadi 2.5. Kisha kuna Frost Nova, inayowagandisha walio karibu nawe kwa sekunde hadi nane, na hapo Shatter inaingia kazini: adui aliyeganda, nafasi yako ya kumpiga pigo kubwa (critical), lile linaloumiza kuliko kawaida, inaongezeka kwa asilimia 50. Mtu wa moto hukaa akiomba pigo kubwa litokee. Mtu wa barafu hulipanga.

Ukifika levo ya 30, kama hukutapanya, unachukua Ice Block: sekunde kumi ndani ya jiwe la barafu, hakuna kinachokugusa. Levo ya 40 unapata Ice Barrier, na hiki ndicho kipaji ningekinunua hata kama kingedai pointi mara mbili. Ni ngao inayonyonya mapigo kabla ya damu yako, na muda wote inaposimama, mapigo hayacheleweshi unachokiandaa. Muhimu zaidi kwa mtu wa Mombasa ni kwamba unaivaa kabla ya ugomvi. Haikudai kushtuka. Hata pingi ikipanda ghafla, ngao iko mwilini.

Lakini raha yenyewe ya barafu ni kukusanya makundi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wa huku wanapokata tamaa bure. Kazi iko hivi: unakimbia ukiwachokoza viumbe, wanakufuata kundi zima, unapiga Frost Nova, unaruka mbele kwa Blink, unageuka na kuwashushia Blizzard, mvua ya barafu ya sekunde nane. Ukiwa na pointi tatu za Improved Blizzard, kila anayeguswa na mvua hiyo anapunguziwa mwendo asilimia 65. Wanakuja wakijikokota, wanakufa wakijikokota. Wachawi wa barafu wamekuwa wakienda Zul'Farrak kule jangwani Tanaris kuwafyeka wale mazombi wa makaburini namna hiyo hiyo, na wengine wamefanya biashara ya kuwapandisha levo wachezaji wachanga kwa dhahabu.

Miongozo inakwambia piga Nova wakikaribia. Ukisubiri wakaribie kwa macho yako, umeshapigwa na watatu. Mimi huipiga wakiwa bado wanaonekana wako nyuma kidogo ya pale ningetaka, na inawanasa, kwa sababu kule seva wameshafika. Vivyo hivyo Blizzard: duara usilitie juu yao, litie mbele yao, karibu nawe kuliko akili inavyokutuma. Na tafadhali, kwenye mpangilio wa kazi hii usiguse Frostbite. Jina zuri, kipaji kibaya hapa. Humgandisha mmoja ovyo katikati ya kundi, wenzake wanaendelea kukufuata, na kundi lililokuwa limeshikana linakuwa foleni ndefu ambayo mvua yako haiifikii yote.

Sasa moto. Binamu yangu yuko Maskati, tunacheza chama kimoja, na yeye ni mtu wa moto tangu siku ya kwanza. Neno lake kwangu ni moja siku zote: "Yakhe, wewe wacheza kama mwenye kulinda duka, mie nacheza kama mwenye kulichoma." Sibishi. Moto una raha ambayo barafu haina. Levo ya 20 tu unapata Pyroblast, sekunde sita za kuiandaa, na ikitua unaiona nusu ya damu ya adui imekwenda. Ignite kwa pointi tano inaongeza asilimia 40 ya kila pigo kubwa la moto, ikichoma kwa sekunde nne. Namba zinazoruka kwenye kioo ni kubwa na za kupendeza.

Shida inakuja adui asipokufa. Moto hauna breki. Kwenye tawi lenyewe hakuna cha kumpunguzia mwendo mpaka levo ya 30 unapopata Blast Wave, na hiyo yataka awe karibu yako, pale pale ambapo mimi sitaki awe. Pyroblast ya kwanza inatua, Fireball ya pili inatua, ya tatu uko nusu yake na ameshafika anakukatiza kila pigo. Binamu yangu analitatua hilo kwa kuwahi: anaruka, anapiga Fire Blast, anamaliza. Pingi yake ni ndogo kuliko yangu na vidole vyake ni vyepesi. Mimi nikifanya hayo hayo natoka na damu robo, kisha nakaa chini kunywa maji niliyojitengenezea mwenyewe, na nusu ya usiku inaishia kwenye kunywa maji.

Haki yake nimpe, hata hivyo. Kwenye mashambulizi ya watu 40 hadithi inageuka. Molten Core ni nyumba ya barafu, kwa sababu Ragnaros mwenyewe, bosi wa humo, hadhuriki kabisa na moto na baadhi ya raia wake ni hivyo hivyo. Lakini chama kikishafika Ahn'Qiraj na Naxxramas, moto ndio mfalme, wala umbali wetu hauuangushi sana. Umesimama mahali pamoja, mwenye ngao (tank) ameshika adui, wewe kazi yako ni kuachia Fireball moja baada ya nyingine. Wachawi wenzako wanarudiarudia pigo la Scorch mpaka adui anadhurika na moto kwa asilimia 15 zaidi, na Ignite ya wote inajumlishwa kuwa moja kubwa. Hapo mtu wa barafu anaachwa nyuma na hana la kusema. Tahadhari ni moja: Ignite hiyo ya pamoja huandikwa kwa jina la mchawi mmoja, aliyeianzisha, na hasira yote ya adui inakwenda kwake. Mwenye pingi ndogo akiona anakaribia kumzidi mwenye ngao kwa hasira hiyo, anaacha kupiga. Ukiwa Mombasa, acha mapema kuliko kipimo cha hasira kinavyokuonyesha. Kinachoonyeshwa kimeshapitwa.

Arcane nitaipita haraka, kwa sababu peke yake kwenye Classic haitoshi kuwa tawi la kuishi nalo. Wengi tunaingia humo kuchuma Arcane Concentration, ile inayokupa mara moja moja pigo lisilokula mana (nguvu ya uchawi), kisha tunatoka. Mpangilio wake wenye jina ni ule wa pointi 31 Arcane na 20 moto: unawasha Arcane Power, asilimia 30 ya nguvu kwa sekunde 15, unabonyeza Presence of Mind, na Pyroblast ya sekunde sita inatoka papo hapo. Mtu anaanguka hajajua amepigwa na nani. Kisha unasubiri dakika tatu kabla ya kuviwasha tena. Kwa pingi ya huku ni mpangilio mzuri kuliko mnavyofikiri, kwani kila kitu kinaanza na wewe na hakuna cha kujibu. Tatizo ni hizo dakika tatu. Mimi hucheza baada ya kutoka kazini bandarini, usiku una saa chache, siwezi kuzimaliza nikijificha nyuma ya mti.

Kwa wenye kucheza Hardcore, seva rasmi zilizofunguliwa Agosti 2023 ambako ukifa mara moja mchawi huyo basi, nina neno jingine. Huku stima hupotea. Laptopu ina betri, lakini kisanduku cha waifai hakina, na mpaka uwashe data ya simu na kuunganisha upya, mchawi wako amesimama kule duniani peke yake akipigwa. Hatarudishwa kwa sababu mtaa wenu ulikuwa giza. Ukiwa unapigana na mmoja, amepunguzwa mwendo na ngao iko mwilini, unaweza kurudi ukamkuta hai. Ukiwa katikati ya kundi la Blizzard, hakuna kipaji cha kukuokoa, cha barafu wala cha moto. Kwa hivyo usiku wa mvua za masika sikusanyi makundi. Naua mmoja mmoja, polepole, na simu iko mezani data imeshawashwa.

Kubadilisha mawazo kuna bei. Kwenye seva za Classic Era, kufuta vipaji mara ya kwanza ni dhahabu moja, ya pili tano, kisha inapanda kwa tano tano mpaka 50 na kusimama hapo. Ndiyo maana mimi hubaki barafu wiki nzima na kugeuka moto tu chama kikiwa na safari ya Naxxramas yenye uhakika, siyo ile ya "tutaona Jumamosi". Dhahabu mia kwa kwenda na kurudi si mchezo. Binamu hageuki kabisa, na kwa mazombi wa Zul'Farrak huwa ananipigia simu nikamsaidie.

La mwisho ni mpangilio mdogo ndani ya gemu. Kuna kitu kinaitwa SpellQueueWindow, muda ambao gemu inakubali amri yako inayofuata kabla ya ile ya kwanza kumalizika. Kwa kawaida ni milisekunde 400, na mtandaoni utakuta watu wanashauri uipunguze sana ili vidole viwe huru. Wao pingi yao ni 20. Wewe iache 400, uwe unabonyeza Frostbolt ya pili kabla mstari wa ya kwanza haujajaa, na zitatoka zimefuatana bila pengo. Kisha kitufe cha Ice Block kitengenezee makro (amri fupi unayoiandika mwenyewe) inayoanza na /stopcasting, ili usikae kusubiri Frostbolt iishe wakati damu imebaki kidogo. Weka kitufe hicho mahali kidole kinapofika bila kuangalia, na ukibonyeze damu ikiwa nusu. Ukingoja robo, kwa huku tuliko, ni kuchelewa.