Vibao vyeupe vya kushika mkononi: nimevitumia muhula mzima, nyota nne kati ya tano

Seti yenyewe ni vibao 30 saizi ya karatasi ya A4, na marka zake na vidasta. Nilivichukua shingo upande maana nilijua wanafunzi wangu itakuwa ni kuchora katuni tu, na wiki ya kwanza ndo ilikuwa hivyo kweli, nilijiona nimechorwa na masikio ya punda haha.

Lakini jamani. Si mnajua ile unauliza swali mikono ileile mitano inanyooka, unamchagua mmoja, anapata, unasema haya wameelewa twende mbele, kumbe aliyeelewa ni huyo huyo. Na kibao wote wanaandika kimyakimya, nahesabu mpaka tatu wanainua kwa pamoja, naona darasa zima. Siku moja nikauliza 1/2 + 1/3, yani 2/5 zimejaa kila upande, wamejumlisha juu kwa juu chini kwa chini, na hiyo mada nilishaifunga wiki iliyopita! Kwa mikono nisingejua mpaka mtihani.

Alafu wale wakimya wa nyuma wanaandika. Nadhani ni kwa vile kosa linafutwa hapohapo, kwenye daftari linabaki linakutazama.

Ila kama wewe ni mtu wa haraka hakikusaidii kitu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1970 alikuta walimu wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde 1 tu, na wakisubiri 3 au zaidi majibu yanarefuka na wanaojibu wanaongezeka. Mi nilikuwa nasema "inua" watu hawajaandika ata namba. Siku hizi natulia, na swali likiwa gumu waongee kwanza na jirani ndo waandike.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya marka, zinakauka balaa wasipofunika, na kuangalizia kupo, asiyejua anachungulia cha mwenzake anainua kwa kuchelewa. Kwa insha sahau. Wino ukikaa siku mbili unagoma kutoka, hapo pitisha marka juu yake tena ufute kabla haijakauka, unatoka wote.

Na kama hela hakuna, karatasi nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki wa faili inaandikika na kufutika vilevile, ndo nilivyoanza mimi.