Mkongojo, woka au kiti cha magurudumu? Kipi umnunulie mzee

Bibi yetu alipoanza kuyumba tulichangishana harakaharaka kwenye kikundi cha familia, tukanunua kiti cha magurudumu. Kilipofika kikagoma mlangoni: mlango wa chumba chake una sentimita 62, kiti kina 66. Siku hizi tunaanikia sare za shule. Bibi mwenyewe anatembea kwa mkongojo, ndiyo maana naanza nao.

1. Mkongojo wa alumini unaorefushwa na kufupishwa. Kwa mzee anayeyumba kidogo, au mwenye goti moja linalomsumbua, sioni cha kuushinda. Avae viatu vyake vya kila siku, asimame, mikono ining'inie. Mpini ufike usawa wa kiwiko cha kiganja, pale saa inapofungwa. Ukizidi urefu bega linapanda, ukipungua anainama kama anayetafuta sindano. Anaushika kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Hapo wengi hukosea, hata muuzaji wetu alimshikisha Bibi upande mbovu. Halafu ugeuze uitazame raba ya chini: iwe imebana na ina mistari. Ikishalainika kama ndala kuukuu, ibadilishe, maana vigae vilivyolowa havitanii. Mzee aliyezoea mkongojo wake wa mti mwachie, mradi kimo kimekaa sawa na umeuvalisha raba.

2. Woka ya magurudumu mawili mbele. Woka ni fremu ya miguu minne anayoishika mbele yake akitembea. Hii ni ya anayehitaji kuegemea kwa mikono yote miwili. Isiyo na magurudumu imetulia zaidi, ila kila hatua lazima ainyanyue. Yenye magurudumu manne, kiti na breki inavutia dukani, lakini inataka sakafu nzuri na vidole vyenye nguvu ya kubana breki. Kwenye mchanga wa uani magurudumu madogo yanazama tu. Hakikisha inaingia chooni, kwa kuwa huko ndiko atakakokwenda usiku.

3. Mkongojo wa miguu minne. Unasimama wenyewe, na waliopata kiharusi wengi huufurahia. Uani kwenye mashimo unatikisika, kwa kuwa miguu yote minne haigusi chini kwa pamoja.

4. Magongo ya kwapani. Mwachie kijana aliyevunjika mguu. Mzee akichoka mikono huning'inia kwa makwapa, na neva zinaumia.

Kiti cha magurudumu sikukipanga humo, kwa sababu anayekihitaji kweli hana cha kuchagua kati ya hivyo vinne. Tatizo ni kwamba madukani kinachojaa ni kile cha hospitali, cha kumsukuma mgonjwa kutoka wodini hadi chumba cha eksirei. Mtu wa kukaa kutwa anahitaji kiti kilichopimwa mwilini mwake na mto mzuri, la sivyo vidonda vya kukalia vitaanza kimyakimya. Kwenye njia za vumbi na kokoto, cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa mbali, hakipinduki ovyo. Tanzania kuna wataalamu wanaofundishwa kazi hii TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutembelea, pale hospitali ya KCMC, Moshi. Kenya kuna karakana ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo.

Na kabla hujalipa, chukua futi kamba. Pima mlango wa chumba na wa choo, kisha pima kiti kuanzia ukingo wa nje wa pete ya kusukumia upande mmoja hadi wa pili. Upana wa kukalia ulioandikwa kwenye boksi si upana wa kiti.