Archer C50: boksi linasema 1200, tundu linapitisha 100

TP-Link Archer C50 ni ruta nzuri iliyobebeshwa namba isiyo yake. Boksi limeandikwa AC1200, na mtu mwenye kifurushi cha faiba cha Mbps 200 (megabiti 200 kwa sekunde) akiiona namba hiyo anaamini ruta itakimudu na kubakiza. Haikimudu.

Hiyo 1200 imepatikana kwa kujumlisha: Mbps 300 za bendi ya GHz 2.4 na 867 za bendi ya GHz 5, kisha 1167 ikapandishwa. Simu yako hushika bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo hutaiona jumla hiyo hata ukiilaza juu ya ruta yenyewe. Tena 867 ni spidi ya redio; data inayokufikia huwa pungufu sana, na ukuta wa tofali za saruji unaipunguza zaidi. Antena nne zisikupumbaze.

Dhuluma yenyewe iko nyuma ya ruta. Matundu yote matano, la kuingiza intaneti na manne ya kutoa, ni ya 10/100, yaani hayapitishi zaidi ya Mbps 100. Mwisho wake halisi ni karibu Mbps 94. Wi-Fi iwe na nguvu kiasi gani, intaneti imeshabanwa kabla haijafika kwenye antena, na wewe unalipia 200 kila mwezi.

Kabla ya kugombana na mtoa huduma, pima. Chomoa waya unaoingia kwenye ruta, uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta yenye tundu la gigabiti (Mbps 1000), zima Wi-Fi, kisha pima spidi. (Laini inayotumia PPPoE, njia ya kuingia kwenye intaneti kwa akaunti, itakudai jina na nywila.) Ukipata 190 hapo na 93 kupitia ruta, mwenye kosa ni ruta. Ukipata 93 hata hapo, kagua waya kwanza. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane zilizo ndani ya waya, lakini Mbps 100 zinatosheka na nne. Uzi mmoja ukikatika, au plagi ikibanwa ovyo, spidi inaweza kushuka hadi 100 kimyakimya, huku taa zikiwaka kama kawaida. Badilisha waya, upime tena.

Usichanganye pia megabiti na megabaiti: Mbps 200 ni megabaiti 25 kwa sekunde unapopakua faili.

Kwa kifurushi cha Mbps 50 au chini yake, C50 inatosha kabisa. Ingia tplinkwifi.net, weka GHz 2.4 kwenye chaneli 1, 6 au 11 na upana wa MHz 20, hasa kwenye maghorofa ambako kila jirani ana ruta yake. Jina la Wi-Fi linaloishia na 5G ni bendi ya GHz 5, halihusiani na 5G ya simu; TV na kompyuta zilizo chumba kimoja na ruta ziunganishe huko.

Ukivuka Mbps 100, tafuta nyingine. Archer C6 nayo ni AC1200, namba ile ile, ila matundu yake ni ya gigabiti. Kwa nini vitu viwili tofauti hivi viuzwe kwa jina moja? Mnunuzi anastahili kuelezwa mbele ya boksi, kwa herufi kubwa. Kwa sasa, ukiwa dukani geuza boksi usome orodha ya matundu: unataka 10/100/1000. Ukikuta 10/100 peke yake, mrudishie muuzaji.