Uzoefu wangu na kozi ya kukausha majengo yaliyoingia maji: vyeti vya WRT na ASD, Houston

Mwishoni mwa Mei 2024 nilihudhuria kozi ya siku tano hapa Houston, Texas, inayounganisha vyeti viwili vya IICRC, taasisi inayotoa vyeti vya kazi za usafishaji na urekebishaji wa majengo: WRT, ambacho ni cha fundi wa kurekebisha majengo yaliyoingia maji, na ASD, ambacho kinahusu ukaushaji wa jengo lenyewe, yaani kuta, sakafu na mbao zake. ASD hakipatikani bila WRT, ndiyo maana baadhi ya vyuo huvifundisha kwa pamoja. Nililipa kutoka mfukoni mwangu, ada ya chuo ikiwa zaidi ya dola 1,000 na ya mitihani kando, na ninaandika kwa ajili ya ndugu zetu wanaofanya kazi hii katika ukanda wa Ghuba ya Meksiko na wanajiuliza kama fedha hiyo inarudi.

Kwangu imerudi, na iliyoirudisha ni mada moja. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nyumbani kwetu maji yakiingia ndani, jambo la kwanza ni kufungua madirisha yote ili upepo upite. Miaka miwili niliyofanya kazi Houston kabla ya kozi niliendelea na mazoea hayo hayo, wala hakuna msimamizi aliyenikataza. Siku ya tatu mwalimu alitutoa nje saa nane mchana, kila mmoja na kipimo chake cha joto na unyevu, tukasoma nyuzi 34 na unyevu wa asilimia 50. Tuliporudi ndani tulisoma nyuzi 24 na asilimia 60. Akatuuliza kama tufungue mlango. Karibu darasa zima, mimi nikiwemo, tulijibu ndiyo, kwa kuwa 50 ni ndogo kuliko 60. Ndipo akatuelekeza tuzitafute namba hizo kwenye chati ya saikrometria, yaani ya vipimo vya joto na maji yaliyomo hewani, na tukaona kwamba kila kilo ya hewa ya nje ilikuwa imebeba takriban gramu 17 za maji, ilhali ya ndani ilikuwa na 11 tu. Asilimia inaeleza hewa imekaribia kiasi gani kushiba kwa joto iliyo nalo. Haielezi uzito wa maji yaliyomo. Tungefungua mlango tungeingiza maji mapya katika nyumba tuliyoitwa kuikausha, na hewa ya namna hiyo huacha umande juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 22, ambavyo ni vingi katika nyumba yenye kiyoyozi. Nilikumbuka nyumba mbili tatu nilizozifungua madirisha mwaka uliotangulia, na moyo uliniuma.

Mazoezi ya vitendo yalikuwa mazuri sana. Chuo kina nyumba ndogo ya majaribio iliyojengwa ndani ya ghala, ambayo hufurikishwa kwa makusudi. Asubuhi yake nilipapasa ukuta wa jipsamu kwa kiganja nikauona mkavu, lakini nilipochomeka pini za mita ya unyevu juu kidogo ya skatingi, mlio ulianza. Nilipanda taratibu, nikichomeka na kuchomoa, mpaka mlio ulipokoma karibu na usawa wa goti, nikabandika tepu ya buluu hapo. Maji tuliyomwaga hayakuwa yamefika hata kwenye kifundo cha mguu. Tangu siku hiyo siuamini mkono wangu.

Upungufu upo, na si mdogo. Nyumba hiyo ya majaribio ina umeme na kiyoyozi saa zote, wala haikutani na hewa ya nje, hivyo kile tulichokisoma kwenye chati hatukupata kupambana nacho kwa mikono yetu. Kimbunga Beryl kilipoipiga Houston tarehe 8 Julai 2024, wiki chache tu baadaye, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, wengine kwa siku nyingi, katika joto kali. Kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, na sisi tulikuwa tumesimama katika nyumba za watu na mashine za kuvuta unyevu zisizo na pa kuchomekwa. Kozi haikuwa na hata saa moja juu ya jenereta, wala juu ya kupanga nini kitolewe kwanza wakati mashine haziwezi kuwashwa. Kwa chuo kilicho katika mji huu, naliona hilo ni kosa.

Lingine ni namba ya unyevu uliomo ndani ya mbao. Mwalimu alitaja asilimia 8 kama lengo la mbao kavu, akapita. Katika nyumba ambayo hewa yake inakaa na unyevu wa asilimia 50 mbao hutulia karibu na 9, na katika nyumba isiyo na kiyoyozi yenye unyevu wa asilimia 80 hutulia karibu na 16. Ukiikimbiza 8 katika nyumba hiyo ya pili utamaliza mwezi na mbao zitapasuka. Njia sahihi ni kupima mbao ambazo hazikuguswa na maji katika jengo hilo hilo, na hizo ndizo ziwe kipimo chako. Jambo hili limo katika kitabu cha kozi, ila lilistahili asubuhi nzima.

Mjue pia kwamba vyeti hivi havikupi ruhusa ya kuondoa kuvu. Hapa Texas kuvu iliyoenea kwa eneo moja la futi za mraba 25 au zaidi inahitaji leseni ya jimbo, nayo ina mafunzo yake.

Cheti ni cha mtu binafsi, si cha kampuni, kwa hiyo ukihama kazi unaondoka nacho. Mitihani yangu ilikuwa ya Kiingereza, na sura ya saikrometria ni ngumu kwa aliyesoma metriki, kwani Wamarekani hupima maji ya hewa kwa greni katika kila ratili. Ratili moja ina greni 7,000, hivyo zidisha gramu za kwa kilo mara 7 utapata jibu lao. Kabla ya kulipa, kiulize chuo kama nyumba yao ya majaribio huwahi kufunguliwa milango mwezi wa Julai, na kama kuna somo la kukausha bila umeme wa gridi. Mimi ningelipa zaidi kwa chuo kinachojibu ndiyo kwa yote mawili.