Weblate: nimechangia programu huria na kuandika kodi (code) sijui hata kidogo

Naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja niliyobana ntaieleza huko chini, na sina uhakika kama ni haki kuwabana wao.

Miaka yote nilijua kuchangia programu huria (zile ambazo kodi yake iko wazi kwa yeyote kuiona na kuibadilisha) ni kazi ya madevelopa, sa mi kodi siijui na Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi) niliigusa mara moja nikaikimbia. Ndo rafiki yangu akaniambia we si unajua Kiswahili, nenda Weblate. Kumbe ni kitu cha kutafsiria programu kwenye brauza tu, unajisajili, unachagua mradi na lugha, juu unaona maneno ya Kiingereza chini kiboksi kitupu, unajaza unaseivu unaenda kingine. Kazi ya Git inaifanya yenyewe huko nyuma na mabadiliko yanapelekwa kwa jina lako, yaani kwenye historia ya mradi upo kabisa na wale wa kodi. Ila imeili yako nayo inaingia humo na historia ya Git inasomwa na yeyote, kwa hiyo kabla hujaanza pita kwenye mipangilio ya akaunti uchague imeili gani itumike.

Weblate yenyewe ni programu huria pia, aliianzisha Michal Čihař mwaka 2012, na hata LibreOffice (programu za ofisini za kuandikia na mahesabu) na F-Droid (duka la apu huria za Android) zinatafsiriwa humo, so sio kitu cha kubahatisha.

Nilichokipenda zaidi ni inavyokukagua. Ukisahau ile %s (ndo pale jina la mtu au la faili litakapokuja kukaa) inakupigia kelele hapo hapo, ukiacha nukta mwishoni inakwambia. Mara nyingine inazidisha, mfano "faili 1" na "faili 5", Kiingereza wana umbo la umoja na la wingi kwahiyo unapewa viboksi viwili, we unaandika "faili %d" (%d ndo pale namba itakapokaa) kote kote, inakuonya kwamba umoja na wingi vimefanana. Ndio vimefanana, ndo Kiswahili chenyewe hicho! Unaifuta hiyo onyo unaendelea.

Sasa nyota niliyobana. Unapewa kipande cha neno moja, "All", halafu basi. All ya nini? Picha ni zote, watu ni wote, mafaili yote, vitabu vyote. "Deleted" ndo balaa zaidi, umefutwa imefutwa kimefutwa limefutwa, chagua we mwenyewe kwa kubahatisha. Kuna apu moja ya kuandikia kazi za kufanya nilikuta "Open" nikaweka "Fungua" bila hata kufikiri, baadae naifungua kwenye simu nakuta kila kazi ambayo haijaisha imeandikwa Fungua, unaibonyeza hamna kinachofunguka, manake ilikuwa ni hali ya kazi, ilitakiwa "Haijaisha" au hata "Iko wazi". Nilicheka ila aibu pia niliiona.

Na Weblate sehemu ya kuweka skrinishoti na maelezo kwa kila kipande wanayo, ila anayetakiwa kuweka ni mwenye mradi, na wengi nilowakuta hawaweki, ndo maana nasema sijui nyota nimnyime nani. Dawa niliyoipata ni kwanza kuitumia apu yenyewe siku mbili tatu kabla ya kugusa chochote, alafu kipande nisichokielewa nauliza kwenye maoni yake pale pale badala ya kukisia. Wengine wanajibu siku hiyo hiyo vizuri tu, wengine kimya. Ukiona kimya angalia mabadiliko ya mwisho kwenye mradi yameingia lini, unaweza kuwa unamtafsiria mtu aliyeshaondoka zamani.

Ile apu ya kazi nshaisahihisha yote imebaki "All" moja tu, nimeuliza wiki iliyopita, bado nasubiri jibu.