Nimempeleka mjomba, askari magereza mstaafu, kuona Jela ya Fremantle

Mjomba alipokuja Perth, Australia, kunitembelea, nilimuuliza tuanze na ufukweni au kuona kangaruu. Akasema, "Nasikia mna jela." Amelitumikia Jeshi la Magereza kule nyumbani Tanzania zaidi ya miaka 30, kwa hiyo sikushangaa. Tukapanda treni hadi Fremantle, kama nusu saa, kisha kilima kidogo kwa miguu.

Mimi nilitamani ziara ya mahandaki, yale ambayo wafungwa walichimba mita 20 chini ya ardhi kutafuta maji. Unashuka kwa ngazi na helmeti kichwani, sehemu nyingine unapita kwa kimashua. Nilichelewa kukata tiketi, nafasi zikawa zimejaa. Uzembe wangu. Tukachukua ziara ya enzi za wafungwa wa meli, na wala sijuti.

Wafungwa hao walitolewa Uingereza. Sydney ilianza kuwapokea mwaka 1788, lakini huku magharibi walowezi walifika 1829 wakiwa watu huru. Miaka ikapita, kazi zimewashinda, wakaomba wenyewe waletewe wafungwa! Meli ya kwanza, Scindian, ilitia nanga Juni 1850 na wafungwa 75. Jela ya kuwatosha haikuwepo; wakalazwa kwenye ghala, wakaambiwa wajijengee. Wakakata mawe ya chokaa palepale kilimani, na 1855 wakaanza kuhamia ndani. Mpaka meli zinakoma 1868, wanaume karibu 10,000 walikuwa wameshushwa.

Seli zao zina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.1. Mjomba aliingia moja, akataka kunyoosha mikono. Viganja vikagota kuta zote mbili, viwiko bado vimekunjwa. Akauliza, "Choo?" Mwongozaji, mzee mmoja mcheshi, akamwonyesha ndoo. Nikajua hayo ni mambo ya kale. Kumbe ndoo hizo ziliendelea mpaka jela inafungwa, mwaka 1991. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa.

Kilichomnogea mjomba ni kisa cha mfungwa Moondyne Joe, jina lake halisi Joseph Johns. Alikuwa hashikiki. Wakamtengenezea seli ya peke yake, kuta zimevikwa mbao nene na kupigiliwa misumari kila mahali. Bado ipo, unaiona. Afya ikaanza kumwendea vibaya kwa kukosa hewa, wakamtoa uani awe anaponda mawe chini ya ulinzi. Mawe yanaletwa, hayaondolewi. Rundo likapanda mpaka askari anamwona kuanzia kiunoni kwenda juu tu, na nyundo moja anapiga jiwe, nyingine anapiga ukuta. Machi 1867 akapita kwenye tundu, wakamkamata tena 1869 ndani ya stoo ya mvinyo.

"Nani alikuwa zamu?" mjomba akauliza, amekunja uso kama aliyeletewa ripoti. Mwongozaji akacheka. Mjomba hakucheka.

Kwenye chumba cha kunyongea, ambako watu 44 waliuawa, wa mwisho 1964, alivua kofia akasimama mlangoni. Kamba ipo, mlango wa sakafuni upo. Nilitoka haraka. Ipo pia ziara ya usiku ya tochi kwa wanaopenda kushtuliwa gizani. Hiyo niliiacha, nilichoona mchana kilinitosha.

Kwa anayetaka kwenda: ziara yetu ilichukua kama saa moja na robo, Kiingereza cha mwongozaji kilieleweka vizuri, ngazi zipo ila mzee wangu wa miaka sabini alizimudu bila shida. Pesa yangu imeenda kihalali. Mahandaki nitayarudia, tiketi nishakata.

Kwenye treni tulikaa kimya mpaka vituo kadhaa vikapita. Nikafikiri kasinzia.

"Rundo la mawe mpaka kiunoni," akasema ghafla. "Na kila siku watu wanakagua. Hakuna hata mmoja aliyesema liondolewe?"