Skrini ya Steam Deck: Je, Pikseli 1280 kwa 800 Bado Zinatosha kwa Gemu za Leo?

Lawama inayoiandama Steam Deck, kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu kutoka Valve, tangu itoke Februari 2022 ni ileile: skrini yake ina pikseli 1280 kwa 800, idadi ambayo simu nyingi zinaipita kwa mbali. Toleo la OLED (kioo ambacho kila pikseli hutoa mwanga wake) la Novemba 2023 lilileta kioo kipya, betri kubwa zaidi na skrini yenye kasi zaidi, lakini idadi ya pikseli haikuguswa. Uamuzi huo ni sahihi. Ukiwa umekishika kifaa mkononi, pikseli hizo zinatosha hata kwa gemu nzito za sasa. Mambo huharibika unapokichomeka kwenye TV ukaacha kila kitu kama kilivyo, au unaposhuka chini ya hapo bila kujua ni nani anayeikuza picha kurudi juu, gemu yenyewe au mfumo.

Idadi ya pikseli haina maana mpaka ujue skrini ni kubwa kiasi gani na jicho liko umbali gani. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba jicho lenye afya hutofautisha pikseli 60 hivi katika kila digrii moja ya upeo wake. Skrini ya inchi 7 ya toleo la kwanza, la LCD, ina pikseli kama 215 kwa kila inchi. Ikiwa sentimita 40 kutoka usoni, hizo ni takriban 59 kwa digrii. Monita ya inchi 24 ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), ukiitazama kutoka sentimita 60, inakupa 38. Ya inchi 27 yenye 1080p hiyohiyo inashuka hadi 34. Kwa hiyo anayechezea monita ya 1080p anaona pikseli nene kuliko mwenye Deck mkononi, ingawa kwa hesabu ya jumla anazo mara mbili.

Toleo la OLED ndilo ushahidi mzuri zaidi. Kioo kilikua kutoka inchi 7 hadi 7.4 kwa pikseli zilezile, kwa hiyo msongamano ulishuka hadi 204 kwa inchi. Kwa karatasi, picha ilipaswa kuwa mbaya kidogo. Machoni imekuwa bora waziwazi, kwa sababu nyeusi ni nyeusi kweli, rangi zimeshiba, skrini inajichora mara 90 kwa sekunde badala ya 60, na kitu kinachokimbia hakiachi mkia nyuma yake. Pikseli nyingi zaidi kwenye kioo chenye rangi hafifu zisingekupa hayo.

Upande wa pili ni mzigo. Skrini hii inahitaji pikseli 1,024,000 kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa. 1080p inahitaji 2,073,600, na 4K inahitaji 8,294,400. Chipu ya Deck, iliyotoka AMD, ina vitengo 8 vya picha vya kizazi cha RDNA 2 na viini 4 vya prosesa vya kizazi cha Zen 2, kumbukumbu ya 16 GB inayogawanywa kati yao, na umeme usiozidi wati 15 kwa chipu nzima. ROG Ally ya 2023, mshindani wake kutoka Asus, ina 1080p kwenye inchi 7, na herufi zake ni kali kweli, lakini kwenye gemu nzito wachezaji wengi huishia kuirudisha 720p au 900p ili fremu zikae sawa. Kinachoifanya Ally ivutie ni skrini inayofuata kasi ya fremu yenyewe, kitu ambacho Deck haina. Pikseli za ziada ni jambo la pili.

Sasa udhaifu wake, na udhaifu upo. Wa kwanza ni maandishi. Mwongozo wa Valve kwa watengenezaji unataka herufi ndogo kabisa isipungue kimo cha pikseli 9 kwenye 1280 kwa 800, isomeke kutoka sentimita 30. Gemu za mikakati na za usimamizi zilizobuniwa kwa monita kubwa mara nyingi hazifiki hapo. Tafuta kwanza ukubwa wa maandishi au wa menyu ndani ya mipangilio ya gemu. Usipoupata, bonyeza kitufe cha Steam pamoja na L1 na kioo cha kukuzia kitatokea. Kinasaidia kusoma maelezo ya silaha moja, lakini huwezi kusimamia himaya nzima kupitia tundu hilo.

Wa pili ni vitu vyembamba: nywele, nyaya, majani ya mbali, wavu wa uzio. Gemu za sasa hulainisha kingo kwa njia ya TAA, yaani hukusanya taarifa za fremu zilizopita na kuzichanganya na fremu ya sasa. Njia hiyo inataka pikseli nyingi ili ifanye kazi vizuri. Jani likiwa jembamba kuliko pikseli moja, fremu hii linaonekana na inayofuata halipo, na matokeo ni msitu unaometameta ukitembea au uso uliopakwa ukungu ukigeuka. Ndiyo maana gemu ya 2015 kwenye skrini hii inaweza kuonekana safi kuliko ya mwaka jana. Kuongeza ukali kidogo ndani ya gemu husaidia. Ukizidisha, kila ukingo unapata mstari mweupe.

Hapo ndipo watu hukimbilia FSR, njia ya AMD ya kuchora picha kwa pikseli chache kisha kuikuza, na hapo ndipo wengi hupotea. Katika FSR 2, ngazi ya ubora huchora picha kwa upana na kimo vilivyogawanywa kwa 1.5, na ngazi ya kasi huvigawanya kwa 2. Kwenye TV ya 4K, ngazi ya kasi inaanzia 1920 kwa 1080, kwa hiyo ina malighafi ya kutosha. Kwenye Deck ngazi hiyohiyo inaanzia 640 kwa 400. Hata ngazi ya ubora inaanzia 853 kwa 533. Jina la ngazi ni moja, picha ni mbili tofauti kabisa, na sifa unazozisikia kutoka kwa mwenye 4K hazikuhusu. Kwenye skrini hii usishuke chini ya ngazi ya ubora, na hata hiyo iwe hatua ya mwisho.

Mpangilio unaofaa unaanza kwa kuiacha gemu kwenye 1280 kwa 800. Isipokubali uwiano huo, chagua 1280 kwa 720 na uvumilie mistari myeusi ya pikseli 40 juu na 40 chini. Ukiivuta picha ijaze kioo unaharibu kila herufi. Kisha punguza vivuli, ukungu wa hewani na miakisi. Tekscha, yaani picha zinazovalishwa kuta, nguo na nyuso, ziache juu ya wastani maadamu kumbukumbu inatosha, kwa sababu hazilemei chipu kama vivuli, na zikipungua unaona mara moja. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha nukta tatu, nenda kwenye sehemu yenye alama ya betri, na uweke kikomo cha fremu. Kwenye LCD, fremu 40 kwa sekunde na skrini ya Hz 40, yaani inayojichora mara 40 kwa sekunde, ni mahali pazuri mno: kila fremu inachukua milisekunde 25, katikati kabisa ya 33.3 za fremu 30 na 16.7 za fremu 60. Kwenye OLED, fremu 45 huingia mara mbili kamili ndani ya Hz 90.

Bado inasuasua? Pima kabla ya kukata zaidi. Shusha gemu hadi 960 kwa 600, ambayo ni asilimia 56 tu ya pikseli, usimame mahali palepale na uangalie idadi ya fremu. Isipopanda, tatizo ni prosesa, na kupunguza pikseli hakutakusaidia chochote. Baldur's Gate 3 ikifika mjini katika sehemu ya tatu ni mfano unaojulikana: umati wa watu unaelemea prosesa, si chipu ya picha. Rudisha 800 na upunguze wingi wa watu, kama gemu inaruhusu.

Fremu zikipanda, tumia FSR 2 au XeSS (njia kama hiyo kutoka Intel) iliyo ndani ya gemu. Hizo hukuza mandhari kwanza, kisha menyu na maandishi huchorwa juu yake kwa pikseli zote za skrini. FSR ya mfumo wa Deck, ile ya kwenye menyu ya nukta tatu, hupokea picha iliyokwisha kamilika na kuikuza yote, maandishi yakiwemo, ndiyo maana herufi hutoka zimevimba. Itumie tu kwa gemu isiyo na njia yake yenyewe. Ukiiwasha na usione tofauti, hakikisha gemu imejaza skrini nzima na imewekwa chini ya 1280 kwa 800. Zikilingana hakuna cha kukuza.

Gemu za pikseli za kuchorwa, zile zenye picha za miraba mikubwa kama za zamani, hazina shida hii. Baadhi huchorwa kwa 640 kwa 360, na hiyo ni nusu kamili ya 1280 kwa 720. Chagua ukuzaji wa namba kamili na kila pikseli itabaki mraba.

Kwenye TV, 1280 kwa 800 ikiachwa hivyo inavutwa isivyo sawa na kuonekana imefifia. Fungua sifa za gemu husika ndani ya Steam, weka 1920 kwa 1080, kisha chagua ngazi ya ubora ya FSR 2 ndani ya gemu. Chipu itachora 1280 kwa 720, pikseli pungufu ya zile za mkononi, ingawa ukuzaji wenyewe nao unakula muda kidogo katika kila fremu. Maandishi yatatoka kwa 1080p kamili. Kwenye TV ya inchi 55 ukiwa mita 2.5, 1080p inakupa kama pikseli 69 kwa digrii, kwa hiyo usiwe na haraka ya 4K ambayo chipu hii haiwezi kuibeba katika gemu nzito.

Kama muda wako mwingi unakwenda kwenye gemu za majedwali na herufi ndogo, nunua kifaa cha 1080p. Kwa gemu za vitendo, za kuigiza na za mbio, chukua Deck ya OLED, na fedha ambayo ungeongeza kwa ajili ya pikseli itumie kwenye hifadhi, maana gemu moja ya sasa inaweza kumeza zaidi ya 100 GB.